Paka wa Pola, sindano za Joan

Kuna paka nimewasaka miezi mitatu sasa na sijawapata. Sio paka wa jirani, ni paka wa studio ya Paramount kule Hollywood, miaka ya mwanzo ya 1920, yani karne nzima imepita na mimi nakesha na simu mkononi bando linakata natafuta habari za paka.

Kisa chenyewe ni hiki. Paramount walikuwa na malkia wao, Gloria Swanson, mzaliwa wa Chicago, mfupi kweli kweli ila akishavaa yale magauni yake na manyoya kichwani unamuona kama twiga. Alafu 1922 wakamleta Pola Negri kutokea Ujerumani, asili yake Poland, mwanamke ambae ashakuwa staa Ulaya kwa filamu alizopiga na dairekta Ernst Lubitsch, na ashawahi kuolewa na mwinyi wa kule kwao kwa hiyo alishuka melini na cheo kabisa. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja, sasa hawa ni majike na zizi lina kamera.

Eti Gloria anapenda paka, Pola anawaogopa, anaona ni nuksi. Hapo ndo hadithi inaota miguu. Wapo wanaosema Pola aliamuru paka wote wafukuzwe pale studio, Gloria akagoma kufanya kazi mpaka warudishwe. Wapo wanaosema Gloria ndo aliwafungulia paka wakavamia seti ya mwenzie katikati ya kazi. Kila unaemsoma anaongeza paka wake. Na nilivyozidi kuchimba nikagundua kila anaesimulia kapokea kwa mwenzie, sijamkuta hata mmoja anaesema mimi nilikuwepo, nilimuona paka kwa macho yangu. Aliekuwa na faida ya kuwaona hao paka ni idara ya matangazo ya Paramount peke yake, maana kila Gloria na Pola wakiandikwa gazetini wamenuniana, tiketi za filamu za wote wawili zinauzika, na tiketi zote zinaingia mfuko mmoja.

Sisi neno tunalo. Kiki.

Na kiki haikuanzia hapo. Mwanzoni kabisa waigizaji walikuwa hawana hata majina. Kampuni ya Biograph ya New York ilikuwa inawaficha makusudi, jina halitoki kwenye filamu, kwa hesabu nyepesi tu kwamba mtu akijulikana ataomba hela. Watu wakimpenda dada fulani kwenye skrini wanamuita tu Binti wa Biograph basi. Binti mwenyewe alikuwa anaitwa Florence Lawrence. 1909 akachukuliwa na Carl Laemmle, mwenye kampuni pinzani, na mwanzoni mwa 1910 ghafla zikavuma habari huko St. Louis kwamba Florence kagongwa na tramu kafa. Watu wanalia. Mwezi wa tatu Laemmle akatoa tangazo kwamba ni uongo wa maadui, binti yupo hai na sasa anafanya kazi kwangu, alafu akampeleka St. Louis kweli watu wakamuone kwa macho, wakajaa kibao. Wanaolijua hili sakata wengi wanaamini kifo chenyewe kilitengenezwa na huyo huyo Laemmle alielalamika. Kwa hiyo biashara ya mastaa Marekani ilifunguliwa na msiba feki. Ukilijua hilo paka hawakushangazi.

Ila sasa nisije nikaeleweka kwamba hakukuwa na ushindani. Ulikuwepo, tena mkali, ila haukuwa kule walikokuelekeza magazeti.

Miaka kadhaa nyuma nilipata kibarua kwenye filamu moja hapa Dar, kazi yangu kushika rifleta. Rifleta yenyewe kipande cha silingibodi tumekibandika foili ya jikoni, unalikamata jua unalirudisha usoni kwa mtu. Kulikuwa na waigizaji wawili wa kike, wanapendana hao, wanagawana chips kwenye sahani moja, wanaitana pacha. Siku ya pili mmoja akaniletea soda baridi akaniambia mdogo wangu unajitahidi, ila ukinishikia kidogo upande wa kushoto nakaa vizuri. Mi na soda yangu nikamshikia kushoto. Siku ya tatu soda tena. Siku ya nne yule pacha mwingine akaacha kunisalimia. Sikuelewa kitu mpaka siku tunaangalia picha kwenye laptop, mmoja anawaka kama mbalamwezi, mwenzie aliekaa nae sentimita thelathini uso umekuwa kama anaongea kutoka stoo. Hakuna aliegombana. Hakuna hata neno baya lililotoka. Ila vita ilipiganwa siku nne nzima na silaha ilikuwa mikononi mwangu, na mimi nilinunuliwa kwa soda mbili.

Kwa hiyo siku hizi nikisoma habari za mabifu ya hao kina mama wa zamani sitafuti alietukanwa. Natafuta nani alikuwa na taa.

Chukua mwaka 1912. Biograph walikuwa wanahamia Los Angeles kila majira ya baridi kufuata jua, na seti ya wakati ule usifikirie jumba, ni jukwaa la mbao halina paa, juu wametandaza vitambaa vyeupe kulainisha jua. Dairekta ni D. W. Griffith. Chini yake ana mabinti kibao wadogo wadogo, Mary Pickford, Blanche Sweet, Mabel Normand, Mae Marsh, na tabia yake ilikuwa kufanyisha mazoezi sehemu moja hiyo hiyo kwa mabinti wawili watatu bila kusema nani ataipata. Yani mnaishi mnatazamana. Sasa akaleta filamu ya watu wa kale wa mapangoni, Man's Genesis, na mhusika wa kike anatakiwa avae sketi ya majani, miguu wazi. Mwaka 1912 miguu wazi sio jambo dogo. Mary akakataa. Wenzie nao mmoja mmoja wakakataa. Mae Marsh, mdogo, mgeni, hana jina, akasema mi navaa.

Griffith hakufoka. Akatangaza mbele ya wote kwamba kwa kuwa binti Marsh amekubali, basi na The Sands of Dee ni yake. Na The Sands of Dee ndo filamu kila mmoja pale alikuwa anaiota, ya ufukweni, ya mapenzi na kuzama na majonzi, ile ambayo ukiipata unalia vizuri mpaka dunia inakukumbuka. Mary amesimulia mwenyewe baadae jinsi walivyochukia. Wao wamesota jukwaani toka watoto, wamejifunza kazi, huyu ndo kwanza kaja. Alafu filamu ikatoka na Mae Marsh akawa mzuri. Hicho ndo kilimuuma Mary zaidi, akajiuliza kama mtu asie na mafunzo anaweza kufanya vizuri hivi basi hii kazi ina maana gani, na kabla mwaka haujaisha akaondoka Biograph akarudi kwenye tamthilia za jukwaani New York. Alikuja kurudi kwenye filamu, tutafika.

Mi nikisoma hiki kisa simuoni Mary akipigana na Mae. Namuona mzee mmoja mwenye filamu mbili mkononi, moja adhabu moja zawadi, na mabinti wanne wanaangaliana miguu.

Mwaka huo huo kuna kisa kingine kinanifurahisha. Lillian Gish na mdogo wake Dorothy walienda Biograph New York kumtafuta rafiki yao wa utotoni, Gladys Smith, wakaambiwa hapa hakuna Gladys. Kumbe Gladys ndo Mary Pickford, jina alibadilishiwa kwenye tamthilia. Mary akawatambulisha kwa Griffith, na Griffith, si unamjua sasa, akamuuliza Mary huogopi kuniletea mabinti wazuri hivi watakuchukulia kazi? Mary akamjibu kwamba kama wanaweza kuichukua basi haikuwa yake. Kwenye majaribio Griffith akawafunga wale ndugu utepe mmoja mwekundu mmoja bluu ili asiwachanganye. Unaona lakini, hata hawajavua makoti na tayari anawapimanisha na alieleta. Mary na Lillian walibaki marafiki maisha yao yote, kwa hiyo pale mzee alikwama.

Sasa hela. Mary aliporudi kwenye filamu alirudi na akili ya mama yake, Charlotte, ambae kwa mikataba alikuwa hatari kuliko wakili. 1916 Mary akasaini na Adolph Zukor, bosi wa kampuni iliyokuja kuwa Paramount, dola 10,000 kwa wiki pamoja na nusu ya faida. Kwa wiki. Ukiwa tajiri na una mtu mmoja anaekugharimu hivyo unafanyaje? Unatafuta spea. Zukor tayari alikuwa nae Marguerite Clark, mdogo wa umbo vile vile, anacheza vibinti vile vile. Mary alipoondoka kwenda kampuni nyingine wakamchukua Mary Miles Minter, nywele zile zile za kukunjika, mpaka jina lina Mary. Sio bahati mbaya. Magazeti ya mashabiki yakaanza kuuliza nani zaidi, huyu au yule, na watu wanagawanyika timu, kumbe swali lenyewe limetungwa na mtu anaejadili mshahara.

Mary alilijibu kwa njia ambayo nadhani ni ya kibabe kuliko kibao chochote: 1919 akaanzisha kampuni yake, United Artists, yeye na Charlie Chaplin na Douglas Fairbanks na huyo huyo Griffith wa sketi ya majani. Gloria wa paka nae alikuja kuhamia huko huko, baada ya kuikataa dau ya Paramount inayotajwa kuwa dola milioni kwa mwaka. Ila kabla ya hapo alirudi 1925 kutoka Ufaransa na mume mwenye cheo cha markizi, na 1927 Pola akaolewa na Serge Mdivani aliekuwa anajiita mwana wa mfalme wa Georgia. Wewe una markizi mi nina mwana wa mfalme. Hapo sawa, labda na mimi niwaamini kidogo wale wenye paka.

Turudi kwenye taa. Filamu za wakati ule hazikuwa zinaona rangi vizuri, nyekundu inatoka nyeusi, bluu inatoka nyeupe. Mtu mwenye macho ya bluu sana anaonekana kama kipofu. Kwa hiyo mpiga kamera anaejua kukutengeneza ni mali kuliko ndugu. Lillian Gish alikuwa na Hendrik Sartov, aliempata toka enzi za Griffith, mtaalamu wa kulainisha picha mpaka uso unakuwa kama umechorwa na moshi, na alipojiunga na studio ya MGM alienda nae. Ndo akiwa pale MGM, mwanzoni mwa 1926, anapiga The Scarlet Letter na dairekta Msweden Victor Sjöström, kukawa na binti wa Kiswidi anakaa pembeni ya seti anaangalia. Hajui Kiingereza cha maana. Greta Garbo.

Louise Brooks, mwigizaji wa enzi hizo hizo, alikuja kuandika baadae kwamba wakubwa wa MGM walimtumia Garbo kummaliza Gish: huyu ghali na ana sauti kwenye kazi yake, yule mgeni, rahisi, na watu wanamtaka. Mi nakubali nusu. Ladha ya watu nayo ilikuwa imebadilika, miaka ile ya dansi na sketi fupi nani anataka kuona binti anateseka na theluji. Ila nachopenda kwenye hii ni kwamba hao wawili wenyewe hawakuwa na neno. Sartov wa Gish alimpiga Garbo picha za majaribio. Na Garbo alipofiwa na dada yake Alva kule Sweden mwaka huo huo, Gish alimpelekea maua, na anasimulia kwamba hawakuwa na lugha moja kwa hiyo wakakumbatiana wakalia. Hii huwezi kuikuta kwenye listi za mabifu kwa sababu haiuzi.

Na kuna wengine hata hilo bifu hawakupewa nafasi ya kuwa nalo. MGM walipopiga The Good Earth, ya wakulima wa China, Anna May Wong, staa mwenye asili ya China, mzaliwa wa Los Angeles hapo hapo, hakupewa sehemu ya mke kwa sababu mume alikuwa anachezwa na mzungu, Paul Muni, na sheria za maadili za studio hazikutaka mapenzi ya rangi mbili. Akapewa Luise Rainer, mzungu, akapakwa mekapu, akashinda Oscar. Anna May walimtaka acheze yule nyumba ndogo muovu, akakataa. Huwezi kushindana na mtu kama mlango mmoja mnaingia nao tofauti. Sisi huku nao walishatupitia, maana 1929 MGM walituma watu Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo kupiga Trader Horn, na dada waliemleta, Edwina Booth, alirudi kwao anaumwa akaishia kuishtaki studio. Hakuna gazeti lililomtafutia mpinzani. Alikuwa anapigana na malaria na mwajiri.

Haya, Joan. Hili ndo nililitaka toka mwanzo.

1920, kwenye filamu moja ya Griffith iliyobebwa na Lillian Gish, Way Down East, kulikuwa na ekstra mmoja kutoka Kanada, Norma Shearer. Akajipa moyo akamfuata Griffith aombe ushauri, akaambiwa asahau, macho yako bluu mno, hutafika. Miaka mitano baadae Norma ni staa MGM, amejifunza mwenyewe taa inakaaje, na anacheza wahusika wawili kwenye filamu moja, Lady of the Night, tajiri na maskini wanaofanana. Kuna sehemu hao wawili wanakutana, kwa hiyo anahitajika mtu wa kusimama kama Norma wa pili, akipa kamera mgongo. Wakamchukua mcheza dansi mmoja kaingia studio mwezi huo huo, mshahara dola 75 kwa wiki, Lucille LeSueur. Ndo kazi yake ya kwanza. Mgongo. Baadae gazeti likaendesha shindano la kumtafutia jina, akawa Joan Crawford, jina ambalo hakulipenda.

1927 Norma akaolewa na Irving Thalberg, bosi wa utengenezaji MGM. Unaweza kufikiria kilichofuata kwenye ugawaji wa skripti. Joan aliitaka The Divorcee, Norma akaipata, na 1930 ikampa Oscar. Norma kwa kweli aliitolea jasho, maana hata mumewe hakuamini kama anaweza kuwa mwanamke wa kuvutia namna ile mpaka akaenda kwa mpiga picha George Hurrell kwa siri akapigwa picha za kumshawishi. Yani mke anampelekea mume wake CV. Ila ukiwa Joan huoni jasho, unaona pete.

Thalberg akafa 1936. 1938 wenye majumba ya sinema wakamuweka Joan kwenye orodha ya mastaa wanaoua biashara. 1939 wote wawili, Norma hana tena mume, Joan hana tena soko, wakakutana kwenye The Women ya dairekta George Cukor, filamu ambayo hakuna mwanaume hata mmoja. Norma mke mwema. Joan muuza manukato anaemuibia mume, na sehemu hiyo aliiomba mwenyewe. Na mmoja wa wapiga kamera ni Oliver Marsh. Ndio, kaka yake Mae Marsh wa sketi ya majani. Nilipoliona hilo jina nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kwenye kupiga klozapu, ile picha ya uso kwa karibu, kamera iko kwa mmoja tu, mwenzie anakaa pembeni anamsomea maneno yake ili amjibu. Ni heshima ya kazi. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba ilipofika zamu ya Norma, Joan akakaa pembeni ya kamera akatoa ufumaji wake, sindano kubwa, na taa zikawa zinacheza kwenye zile sindano na sauti ka ka ka ka, anasoma maneno macho yako kwenye uzi, hamuangalii Norma hata kidogo. Norma akavumilia. Mwisho akamuomba Cukor, bibie anaweza kwenda nyumbani, nitasomewa na mtu mwingine. Cukor akamtoa Joan kwenye seti na kumtaka aombe radhi, na inasemekana alichofanya ni kutuma telegramu.

Sindano. Miaka kumi na nne kakaa na ule mgongo, na siku aliyopewa nafasi ya kukaa nyuma ya taa ya mwenzie hakumwaga sumu wala nini, kafuma.

Juzi usiku nilikuwa naangalia tena Lady of the Night, mdogo wangu wa mwisho akaja akakaa, yeye hana habari na hawa watu wala filamu zisizo na sauti, anakula tu karanga zangu. Tukafika pale kwenye gari, Norma anaongea na Norma. Akauliza huyo mwingine mbona hawamuonyeshi uso. Nikasimamisha pale anapogeuka kidogo, upande wa shavu unatokea alafu basi unapotea. Sikumwambia ni nani, wala sikumwambia kwamba miaka ya thelathini wanawake wa Marekani walikuja kushonesha nguo za kumuiga huyo huyo. Akaitazama ile picha, akatema ganda.

"Ana mabega huyo dada."